Learie Constantine

Learie Nicholas Constantine (Petit Valley, Trinidad, 21 Septemba 1901 – London, Uingereza, 1 Julai 1971) alikuwa mchezaji wa kriketi, mwanasheria, mwanasiasa na mwanadiplomasia wa Trinidad na Tobago. Uwanjani alikuwa mchezaji wa idara zote: alirusha mpira kwa kasi, alipiga kwa nguvu, na katika kudaka na kuzuia mpira wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote wa wakati wake. Nje ya uwanja anakumbukwa hasa kwa kesi aliyoifungua dhidi ya hoteli moja ya London iliyokataa kumlaza kwa sababu ya rangi yake, na kwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye hajawahi kutazama kriketi, maelezo machache yatasaidia. Kila timu ina wachezaji 11. Katikati ya uwanja husimikwa wiketi mbili, kila moja ikiwa na vijiti vitatu, zikiwa zimeachana kwa mita 20 hivi. Mrushaji wa timu moja hurusha mpira kuelekea wiketi, naye mpigaji wa timu nyingine huilinda kwa gongo lake na kujaribu kuupeleka mpira mbali ili apate mikimbio. Mpigaji akitolewa, husemwa kwamba wiketi imeanguka. Anayefikisha mikimbio 100 kabla ya kutolewa huhesabiwa amefanya jambo kubwa. Wachezaji wengi hubobea ama katika kurusha ama katika kupiga. Anayeweza yote mawili, na kudaka juu yake, ni adimu.

Afrika Mashariki mchezo huu uliletwa na Waingereza, na kwa muda mrefu ulishikiliwa zaidi na jamii za Waasia wa mijini. Timu ya Afrika Mashariki iliyoshiriki Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1975, ilikuwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na wengi wao walikuwa wa asili ya Kihindi. Katika Karibi mambo yalikwenda njia nyingine. Huko wajukuu wa watumwa waliuchukua mchezo wa mabwana na kuufanya wao, ingawa unahodha wa timu ya West Indies, iliyokusanya makoloni yote ya Kiingereza ya Karibi, uliendelea kushikwa na wazungu kwa miongo mingi.

Utoto na ujana

Constantine alikuwa wa ukoo wa watumwa kwa baba na kwa mama. Baba yake, Lebrun Constantine, alikuwa msimamizi katika mashamba ya kakao, na pia mchezaji mashuhuri aliyekwenda Uingereza na timu ya West Indies mwaka 1900 na 1906. Katika ziara ile ya kwanza Lebrun alifunga mikimbio 113 kwenye uwanja wa Lord's mjini London, na kuwa mchezaji wa kwanza wa West Indies kufikisha 100 Uingereza. Mjomba wake Learie, Victor Pascall, naye alikuwa mrushaji wa timu hiyohiyo. Nyumbani kriketi ilikuwa kazi ya familia nzima. Walifanya mazoezi pamoja, wanawake wakiwemo, na Lebrun hakuvumilia uzembe katika kudaka. Huko ndiko kulikotoka ule wepesi wa mikono ambao baadaye ulikuja kushangaza watazamaji wa Uingereza na Australia.

Alisoma katika shule za St Ann's mjini Port of Spain hadi 1917, kisha akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mawakili. Kazi hiyo ilimpendeza, na alitamani kuwa mwanasheria. Lakini katika Trinidad ya kikoloni kijana mweusi asiye na mali hakuwa na njia ya wazi ya kufika huko. Hata vilabu vya kriketi vilipangwa kwa rangi na hali ya mtu. Queen's Park ilikuwa ya wazungu na matajiri, Maple ya watu wa tabaka la kati wenye rangi nyepesi, na Stingo ya watu maskini kabisa. Constantine alicheza Shannon, klabu ya weusi wa tabaka la kati la chini, walimu na makarani, iliyojulikana kwa kucheza kila mechi kana kwamba heshima yao yote ilikuwa hatarini.

Mwaka 1921 alianza kuichezea Trinidad, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920 baba na mwana walipata kucheza pamoja katika timu ya kisiwa chao. Mwaka 1923 alichaguliwa kwenda Uingereza na West Indies. Takwimu zake hazikuwa kubwa, lakini namna alivyozuia mipira ilionwa na kila mtu. Aliporudi hakukuwa na lolote lililobadilika. Alitafuta kazi huku na huku, hatimaye akapata ukarani katika kampuni ya mafuta ya Trinidad Leaseholds huko Fyzabad, kusini mwa kisiwa. Mwaka 1927 alimwoa Norma Cox, na mwaka uliofuata wakapata binti, Gloria, ambaye alikuwa mtoto wao pekee.

Mwaka 1928

Constantine alikwenda tena Uingereza mwaka 1928 akiwa na nia moja: kucheza vizuri kiasi kwamba klabu ya huko imwajiri. Aliona wazi kwamba nyumbani hakuna kazi ambayo ingempandisha.

Mechi iliyoamua maisha yake ilichezwa mwezi Juni kwenye uwanja wa Lord's dhidi ya Middlesex. Alikuwa ameumia, na wenzake walikuwa wamekwishatolewa watano kwa mikimbio michache alipoingia kupiga. Alifunga 86 kwa muda mfupi mno. Middlesex walipopiga mara ya pili aliwatoa wachezaji saba kwa mikimbio 57. Kisha, West Indies wakiwa tena mashakani, alifunga 103 katika saa moja, na timu yake ikashinda kwa wiketi tatu. Katika mechi moja alikuwa amefanya kazi ya watu watatu. Magazeti ya Uingereza yalijaa jina lake.

Mwezi huohuo West Indies ilicheza mechi yake ya kwanza ya Testi, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa ya kriketi ya kimataifa, na Constantine ndiye aliyeangusha wiketi ya kwanza ya nchi hizo katika historia ya Testi. Hata hivyo England ilishinda mechi zote tatu bila taabu. Mwisho wa ziara alikuwa amefunga mikimbio 1,381 na kuangusha wiketi 107 katika mechi zote za daraja la kwanza. Klabu ya Nelson ilimpa mkataba.

Nelson

Nelson ni mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, katika mkoa wa Lancashire, ambao wakati huo uliishi kwa viwanda vya kufuma vitambaa vya pamba. Anayeikumbuka Mwanza ya enzi za Mwatex, wafanyakazi wakimiminika barabarani zamu zinapobadilishana, anaweza kuupata mji huo katika fikra zake. Uhusiano haukuwa wa kufanana tu. Ni viwanda vya Lancashire, vikiwa na njaa ya malighafi, vilivyowasukuma wenye mitaji kuanzisha mwaka 1902 chama cha Kiingereza cha kukuza kilimo cha pamba katika makoloni, na juhudi hizo zikafika hadi Uganda na nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Jumamosi mchana wafumaji hao walipotoka kazini walikwenda uwanjani, na sasa walikwenda kumwona Constantine.

Alianza mwaka 1929 kwa mshahara wa takriban paundi 500 kwa msimu, pamoja na malipo ya ziada. Kwa karani wa Fyzabad zilikuwa fedha nyingi sana. Lakini maisha hayakuwa mepesi. Watu weusi karibu hawakuwepo mjini hapo, na watoto walichungulia madirishani kuiona familia hiyo. Barua za matusi zilikuja pamoja na za pongezi. Baada ya msimu wa kwanza Constantine alifikiria kurudi nyumbani, na ni Norma aliyemsihi wabaki. Walibaki miaka 20. Katika misimu tisa aliyoichezea, Nelson ilitwaa ubingwa wa ligi mara saba na haikushuka chini ya nafasi ya pili. Mashabiki walisafiri kutoka miji ya jirani, na vilabu pinzani vilinufaika na viingilio kila alipokwenda.

Mwaka 1932 alimpokea nyumbani kwake rafiki kutoka Trinidad, mwalimu na mwandishi C. L. R. James. Constantine alimsaidia kwa fedha kuchapisha kitabu chake kuhusu mwanasiasa Cipriani kilichodai Karibi ijitawale, naye James akamsaidia kuandika kumbukumbu za Constantine zilizotoka 1933. Wawili hao walizunguka Lancashire wakihutubia mikutano juu ya hali ya makoloni. Baadaye James alihamia London, ambako mwaka 1935, Italia ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Ethiopia, aliongoza kundi la kuitetea nchi hiyo ambalo Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wa watu wake. Kwa hiyo njia moja ya harakati za ukombozi wa Afrika ilipitia katika nyumba ya mchezaji wa kriketi kwenye mtaa wa wafumaji, jambo ambalo vitabu vya historia vya shuleni havilitaji.

Mechi za Testi

Kwa West Indies alicheza mechi 18 tu za Testi kati ya 1928 na 1939. Sababu mojawapo ni kwamba mwajiri wake alikuwa Nelson. Mwaka 1933, West Indies ilipokuwa Uingereza kwa mechi tatu za Testi, klabu ilimruhusu kucheza moja tu.

Alikuwepo pale ilipohitajika. Mwezi Februari 1930 mjini Georgetown, West Indies ilishinda Testi yake ya kwanza kabisa, dhidi ya England. George Headley alifunga zaidi ya 100 mara mbili, na Constantine aliangusha wiketi tisa. Mwaka 1935 mjini Port of Spain, mbele ya watu wa kwao, alifunga 90 na baadaye akaangusha wiketi ya mwisho ya England ukiwa umebaki mpira mmoja tu kurushwa. Mechi iliyofuata ilikwisha sare, na ile ya mwisho ilichezwa Kingston, Jamaika. Humo nahodha Jackie Grant aliumia na kumkabidhi Constantine uongozi uwanjani. West Indies ikashinda, na kwa mara ya kwanza ikaishinda England katika mfululizo mzima wa mechi. Muda huo mfupi ndio pekee ambao Constantine aliiongoza timu yake katika Testi. Unahodha wa kudumu haukumjia, ingawa wachache walimzidi kwa ujuzi wa mchezo. Mtu mweusi wa kwanza kupewa unahodha wa West Indies kwa mfululizo mzima wa Testi alikuwa Frank Worrell, mwaka 1960.

Testi yake ya mwisho ilikuwa kwenye uwanja wa Oval, London, Agosti 1939. Alikuwa karibu kufikisha miaka 38. Aliangusha wiketi tano kwa mikimbio 75, kisha akafunga 79 kwa kupiga mipira pande zote za uwanja. Siku chache baadaye vita kuu vilianza. Kitabu cha mwaka cha Wisden kilimtaja katika toleo la 1940 kuwa mmoja wa wachezaji watano bora wa msimu.

Takwimu zake za Testi ni mikimbio 635 kwa wastani wa 19.24, wiketi 58 kwa wastani wa 30.10, na midako 28. Katika mechi zote 119 za daraja la kwanza alifunga mikimbio 4,475 na kuangusha wiketi 439. Kwa tarakimu hizo peke yake mtu angedhani alikuwa mchezaji wa kawaida. Tarakimu haziandiki mikimbio aliyowanyima wapinzani kwa kuzuia, wala hazisemi kwamba miaka yake bora aliitumia katika ligi ya Jumamosi ambayo haihesabiwi katika rekodi za daraja la kwanza. Waliomwona walimweka juu zaidi ya rekodi yake, na inaelekea walikuwa na haki.

Vita na kesi ya hoteli

Wakati wa vita Constantine aliajiriwa na Wizara ya Kazi ya Uingereza kuwa afisa wa ustawi mjini Liverpool. Aliwahudumia mafundi na vibarua walioletwa kutoka Karibi kufanya kazi katika viwanda vya silaha. Aliwatafutia nyumba, alisuluhisha migogoro na wasimamizi na vyama vya wafanyakazi, na mara nyingi alikabiliana na wenye nyumba waliokataa wapangaji weusi.

Mwisho wa Julai 1943 alikwenda London kuongoza timu ya West Indies katika mechi ya hisani kwenye uwanja wa Lord's. Alikuwa ameandikisha vyumba kwa siku nne katika hoteli ya Imperial, Russell Square, kwa ajili yake, mkewe na binti yake. Alikuwa ameuliza mapema kama rangi yao ingeleta shida, akajibiwa kwamba haitaleta. Walipofika waliambiwa wanaweza kulala usiku mmoja tu, kwa sababu hotelini walikuwemo wageni weupe kutoka Marekani ambao wangechukizwa. Afisa mwenzake wa wizara alijaribu kuwatetea na kueleza kwamba huyu ni mtumishi wa serikali na raia wa Uingereza. Msimamizi wa hoteli alijibu kwa maneno ya dharau. Familia iliondoka na kulazwa katika hoteli nyingine ya kampuni hiyohiyo.

Mambo kama hayo yalitokea kila siku, Uingereza na katika makoloni yake. Katika Tanganyika ya wakati huo shule na hospitali ziligawanywa waziwazi kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika. Watu wengi waliokataliwa mlangoni waliondoka kimya. Constantine aliamua kwenda mahakamani. Ugumu ulikuwa kwamba Uingereza haikuwa na sheria yoyote ya kuzuia ubaguzi wa rangi. Mawakili wake walitumia kanuni ya zamani sana ya sheria ya Kiingereza, kwamba mwenye nyumba ya wageni ana wajibu wa kumpokea msafiri yeyote mwenye uwezo wa kulipa, isipokuwa awe na sababu ya haki ya kumkataa. Rangi ya ngozi haikuwa sababu ya haki.

Kesi ilisikilizwa na Jaji Birkett mwezi Juni 1944. Jaji aliukubali ushahidi wa Constantine na kusifu utulivu wake, na alikataa maelezo ya upande wa hoteli. Constantine alishinda. Fidia aliyopewa ilikuwa gini tano, yaani shilingi 105, na kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ililingana wakati huo na ya Kiingereza, msomaji wa hapa anaweza kuona udogo wake. Fedha hazikuwa shabaha. Aliyetaka kuwafukuza weusi mlangoni sasa alijua kwamba anaweza kuitwa mahakamani, na kesi hiyo iliendelea kutajwa hadi Uingereza ilipotunga sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi, mwaka 1965.

Mwezi Agosti 1945, vita vikiwa vimekwisha, aliongoza uwanjani Lord's timu iliyochanganya wachezaji wa Australia, New Zealand na nchi nyingine za himaya. Yeye ndiye mweusi pekee kati yao. Waliishinda England kwa mikimbio 45.

Sheria na siasa

Ndoto ya ujana haikuwa imekufa. Baada ya vita alijiandikisha kusoma sheria katika Middle Temple, London. Masomo yalimtesa, maana alikuwa ameacha shule miaka karibu 30 kabla. Alihitimu uwakili mwaka 1954, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Mwaka huohuo alitoa kitabu kuhusu ubaguzi wa rangi kiitwacho Colour Bar, ambacho baadhi ya Waingereza walikiona kikali mno.

Alirudi Trinidad kuwa msaidizi wa mshauri wa sheria wa Trinidad Leaseholds, kampuni ileile iliyowahi kumwajiri karani. Hakukaa sana humo. Eric Williams alipoanzisha chama cha People's National Movement mwaka 1956, Constantine alikuwa mwenyekiti wake. Alichaguliwa mbunge wa Tunapuna kwa kura chache za ziada, akawa waziri wa mawasiliano na ujenzi. Nchi ilipopata uhuru tarehe 31 Agosti 1962, miezi tisa baada ya Tanganyika, alikuwa London kama balozi wake, na mwaka huohuo alipewa hadhi ya usiri, akaitwa Sir Learie.

Ubalozi ndio uliomgonganisha na serikali yake. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji wa Bristol ilikataa kuajiri weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta, na wakazi wa mji huo wakaanzisha mgomo wa kutopanda mabasi. Constantine aliingilia kati hadharani, akaiandikia kampuni na kuzungumza na magazeti. Mwezi Agosti kampuni ilisalimu amri. Kwa balozi, hata hivyo, kujiingiza katika mgogoro wa ndani wa nchi ya ugenini ni kosa, na mjini Port of Spain hawakufurahi. Muda wake ulipokwisha mwanzoni mwa 1964 aliachia ngazi, na siasa za Trinidad akaziacha pia.

Alibaki London akifanya uwakili na uandishi. Mwaka 1966 aliteuliwa mjumbe wa Bodi ya Mahusiano ya Rangi, iliyoundwa chini ya ile sheria ya 1965. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walimchagua kuwa rekta wao, na mwaka 1968 aliingia katika bodi ya magavana wa BBC. Vijana weusi wa miaka hiyo walimwona mpole kupita kiasi, mtu wa kuzungumza na wakubwa wakati wao walitaka kuandamana. Mwaka 1969 alifanywa lodi wa maisha, na katika cheo chake aliunganisha majina ya mahali pawili: Maraval, alikokulia, na Nelson. Afya yake ilikuwa tayari mbaya kwa ugonjwa wa kifua, na Barazani alizungumza mara chache sana. Hotuba yake ya kwanza, mwaka 1971, ilihusu hatari ambayo nchi ndogo za Jumuiya ya Madola zingeikabili Uingereza ikijiunga na soko la pamoja la Ulaya.

Alifariki nyumbani kwake London tarehe 1 Julai 1971 kwa ugonjwa wa moyo. Mwili wake ulirudishwa Trinidad, akaagwa kwa mazishi ya kitaifa na kuzikwa Arouca. Alitunukiwa Msalaba wa Utatu, nishani ya juu kabisa ya nchi yake wakati huo. Norma alifariki miezi miwili baadaye. Katika nyumba yao ya zamani mjini Nelson, mtaa wa Meredith namba 3, pamewekwa kibao chenye jina lake.